Ufizi Kabla ya Kipandikizi: Historia ya Maneno ya Kinywa kwa Mfano wa Songea

Utangulizi

Kila tiba mpya inapoingia katika nchi huja na maneno yake. Mara nyingi maneno hayo huwafikia wananchi kabla ya tiba yenyewe, nayo ndiyo yanayoamua iwapo tiba hiyo itaeleweka au itaogopwa, itatumiwa vema au itatumiwa vibaya. Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno ya sehemu moja ndogo ya mwili, yaani kinywa, na kuonyesha jinsi historia ya maneno hayo inavyogusa uamuzi ambao mgonjwa wa leo hulazimika kuufanya.

Tuchukue mfano. Mkazi wa Songea ana gego lililotunga usaha. Huko kliniki anaambiwa kwamba jino hilo haliponi, ling'olewe. Ndugu yake aliyeko mjini Dar es Salaam anamshauri aende huko akawekewe kipandikizi, yaani jino la kutengenezwa linaloshikizwa katika mfupa wa taya kwa msumari wa madini. Mgonjwa anauliza bei, anauliza maumivu, anauliza siku za kukaa huko. Kuna swali moja ambalo ni nadra kulisikia: je, ufizi wangu na mfupa ulio chini yake una afya ya kukipokea kipandikizi hicho?

Swali hilo ndilo la kwanza kitabibu. Kwa nini basi halitujii upesi? Jibu la makala haya ni kwamba, pamoja na sababu nyingine, lugha tuliyorithi imelishughulikia jino kwa wingi wa maneno, ilhali ufizi umeachwa karibu bila msamiati. Asiye na neno la kuulizia hawezi kuuliza vizuri. Hapo ndipo kazi ya mfasiri, ya mwalimu na ya mtumishi wa serikali inapokutana na kazi ya mganga.

Maneno tuliyorithi

Kiswahili si maskini wa maneno ya meno. Tuna jino, gego na chonge; tuna pengo kwa nafasi iliyobaki jino lilipotoka, na mwanya kwa nafasi ya asili iliyo baina ya meno ya mbele, ambayo watu wengi huihesabu kuwa uzuri. Aliyepotewa na meno yote tunamwita kibogoyo. Tuna mswaki, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo ni jina la mti na la kijiti kinachokatwa katika mti huo. Baadaye jina hilo likakipokea hata chombo cha plastiki kinachouzwa madukani. Katika nahau pia jino lina nafasi kubwa: watu hulipizana jino kwa jino, na mwenye kustahimili shida hukaza meno.

Ufizi, kwa upande wake, una jina hilo na kidogo zaidi ya hapo. Tena katika mazungumzo ya kila siku umoja wake unafifia. Watu wengi husema "fizi zangu zinauma" hata kama ni ufizi wa jino moja tu unaouma. Si kosa la kulaumiwa, kwani ndivyo usemi ulivyozoea. Lakini katika chumba cha daktari tofauti hiyo ina maana. Ufizi wa jino moja unaweza kuwa na ugonjwa uliokwisha fika mfupani, ilhali fizi za meno mengine ni nzima. Tukiutumia umoja wa neno ipasavyo, tunapata usahihi ambao hatuhitaji kuukopa popote.

Lipo pia jozi la maneno ya kale ambalo lingefaa kufufuliwa katika vitabu vya shule: ukoga na ugaga. Yote mawili yametumika kwa uchafu unaoshika meno. Wataalamu wa kinywa hutofautisha vitu viwili, yaani utando laini wa vijidudu unaoweza kuondolewa kwa mswaki, na ganda gumu linalotokea utando huo unapoachwa hadi ukaingiwa na chumvi za mate, ambalo haliondoki ila kwa chombo cha mganga. Lugha yenyewe ilikwisha kuweka maneno mawili mezani. Kilichobaki ni kukubaliana lipi litumike kwa kipi.

Kiseyeye na merikebu za Wareno

Kuna neno moja la zamani linalotaja ugonjwa wa fizi: kiseyeye. Historia yake inastahili kusimuliwa, kwa sababu inaonyesha faida na hatari ya kuwa na jina moja tu.

Mwezi Januari 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga katika mto mmoja wa pwani ya Msumbiji, karibu na mahali panapoitwa sasa Quelimane. Humo mabaharia wengi walishikwa na ugonjwa: miguu na mikono ilivimba, na fizi zikaota juu ya meno hata wasiweze kula. Mwezi Aprili mwaka huo huo walifika Mombasa na Malindi, ambako yalipatikana machungwa. Katika safari ya kurudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu, na ugonjwa ule ule ukawarudia na kuwaua wengi. Walipofika Malindi Januari 1499, machungwa yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza walivyotaka. Walionusurika walikuwa wachache kiasi kwamba merikebu moja, São Rafael, iliteketezwa kwa moto karibu na Mtang'ata, kusini ya Tanga, kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Leo tunajua kwamba kiseyeye husababishwa na upungufu wa vitamini C, na kwamba matunda na mboga mbichi huuponya. James Lind, tabibu wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliijaribu dawa ya machungwa na malimau kwa wagonjwa wachache mwaka 1747. Vitamini yenyewe haikutambuliwa hadi miaka ya 1930.

Lakini sehemu kubwa ya fizi zinazotoka damu hazina kiseyeye. Zinatoka damu kwa sababu ya ukoga na ugaga uliokaa shingoni mwa jino. Kwa kuwa neno kiseyeye lilikuwa peke yake uwanjani, limevutwa likafunika hali zote za fizi kutoka damu. Hatari yake ni dhahiri. Anayeamini kwamba ana kiseyeye atakula machungwa, jambo ambalo ni jema kwa mwili, naye ataacha ugaga mahali pake, na mfupa utaendelea kuliwa chini kwa chini. Neno sahihi lililowekwa mahali pasipo pake huleta tiba isiyo yake.

Mdudu wa jino na karne ya koleo

Jina jingine lililoongoza fikira za watu ni mdudu. Jino lenye tundu husemwa kuwa limeliwa na mdudu. Usemi huu si wa Afrika Mashariki tu. Mabamba ya udongo ya Babeli yanamtaja mnyoo wa jino katika maneno ya kuagulia maumivu, na imani hiyo ilienea Asia na Ulaya kwa maelfu ya miaka. Ni Pierre Fauchard, mganga wa meno wa Ufaransa, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1728 alieleza kwamba alitafuta minyoo hiyo kwa hadubini asiione.

Katika usemi huo umo ukweli kidogo, kwa kuwa vijidudu vya bakteria vinahusika kweli na kuoza kwa jino. Hata hivyo, usemi huo humweka adui ndani ya jino. Jino likitoka, adui ametoka, mambo yamekwisha. Ufizi hauna nafasi katika hadithi hiyo, wala mfupa.

Huduma za tiba zilizofuata ziliimarisha fikira hiyo. Wajerumani walijenga boma lao katika nchi ya Wangoni mwaka 1897, mahali palipokuja kuwa mji unaobeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Mwaka 1898 watawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto walianzisha misheni ya Peramiho, magharibi ya mji huo, na huko baadaye ikakua hospitali inayojulikana kusini nzima. Kwa muda mrefu, katika Tanganyika kama katika makoloni mengine, tiba ya jino kwa mtu wa kawaida ilikuwa kung'oa. Vifaa vilikuwa koleo, mkono wenye nguvu, na baadaye sindano ya ganzi. Kitenzi "kung'oa" kikawa ndicho kitenzi cha tiba ya meno, na hadi leo wapo wazee ambao "kwenda kwa daktari wa meno" na "kwenda kung'oa" kwao ni jambo moja.

Tukumbuke pia kwamba mgonjwa wa mkoa huu huingia kliniki na zaidi ya lugha moja. Nyumbani huenda anasema Kingoni, Kindendeule, Kimatengo, Kiyao au Kinyasa. Mganga naye huenda ametoka Kagera au Kilimanjaro, na vitabu alivyosomea ni vya Kiingereza. Kiswahili ndicho daraja baina yao. Daraja likikosa mbao mahali fulani, anayetumbukia ni mgonjwa.

Kutoka kung'oa hadi kuziba

Baada ya Uhuru mambo mawili yalikwenda sambamba, yaani juhudi ya lugha na juhudi ya afya. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mwaka 1974 likaanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu ili istilahi zilizokubaliwa ziwafikie watumiaji. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja. Kampeni hiyo ilizungumzia malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, na katika kufanya hivyo iliyapa maneno hayo maana moja kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Viktoria. Magonjwa ya kinywa hayakuwamo katika orodha hiyo. Hapana wa kulaumiwa, kwa kuwa magonjwa yaliyochaguliwa ndiyo yaliyokuwa yakiua. Lakini matokeo yake ni kwamba msamiati wa kinywa haukupata kusuguliwa na kung'arishwa na umma kama ule wa magonjwa mengine.

Mafunzo ya shahada kwa madaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980, katika nchi hii hii, ilibuniwa njia ya kuziba meno bila umeme na bila mashine: sehemu iliyooza huondolewa kwa vyombo vya mkono, na tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa katika Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994, ambayo mada yake ilikuwa afya ya kinywa. Ni fahari yetu kwamba jambo lililofikiriwa kwa ajili ya vijiji vya Tanzania lilifika mbali hivyo. Kitenzi kikahama kutoka "kung'oa" kwenda "kuziba". Hata hivyo, mtendwa wa vitenzi vyote viwili ni jino. Ufizi ulikuwa bado haujapata kitenzi chake.

Meno ya plastiki: jina lililotangulia ugonjwa

Wakati huo huo, katika miaka ya 1980, yalienea nchini maneno "meno ya plastiki", au kwa wengine "meno ya nailoni". Watu waliyatumia kwa vivimbe vyeupe vinavyoonekana chini ya ufizi wa mtoto mchanga, mahali ambapo chonge za utotoni zinasubiri kuota. Mtoto alipopata homa, kuhara au kutapika, vivimbe hivyo vilishutumiwa. Waganga wa jadi wakawa wanasugua dawa za miti katika ufizi, au wanaupasua na kukitoa kile walichokiita jino la plastiki.

Kilichotolewa kilikuwa chipukizi la jino la kawaida. Watoto walipoteza damu, walipata vidonda vilivyoingiwa na uchafu, na wengine walifikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa, kwa kuwa homa yao ya kweli ilikuwa malaria au kuhara kulikokausha maji ya mwili. Madaktari wa meno nchini walikwisha kuliandika jambo hili katika majarida ya kitaalamu kufikia miaka ya 1990.

Kwetu sisi tunaoshughulikia istilahi, hapa pana fundisho zito. Hapakuwa na ugonjwa. Palikuwa na jina. Jina hilo lilikuwa la kisasa, jepesi kutamka, lenye picha wazi, nalo likaingia mahali ambapo lugha haikuwa na maneno ya kueleza jinsi jino linavyokua chini ya ufizi. Pengo la msamiati halibaki wazi kwa muda mrefu. Tusipolijaza kwa neno la kweli, litajazwa na neno lolote litakalopita njiani.

Neno la shambani katika chumba cha daktari

Sasa tumefika kwenye kitenzi cha tatu, kupandikiza. Tiba yenyewe ilianzia Sweden. Katika miaka ya 1950 Per-Ingvar Brånemark, aliyekuwa akichunguza jinsi damu inavyopita katika mifupa ya sungura, aligundua kwamba vyombo vyake vya madini ya titani vilikuwa vimeshikamana na mfupa hata visiweze kutolewa. Mwaka 1965, katika mji wa Gothenburg, aliviweka vipandikizi vya madini hayo katika taya la mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye aliishi navyo zaidi ya miaka arobaini. Wataalamu wa nchi nyingine walisita kwa muda, hadi mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ulipowasilishiwa matokeo ya miaka mingi na mlango ukafunguka.

Katika usemi wa Kiswahili baadhi ya watu husema "implanti", lakini kitenzi "kupandikiza" na jina "kipandikizi" vimekwisha kushika njia, navyo vinastahili. Asili yake ni kilimo. Mkulima wa Songea na wa Namtumbo hana haja ya kufundishwa maana yake. Tumbaku, ambayo ni zao la biashara la eneo hili tangu zama za ukoloni, huoteshwa kwanza katika kitalu, na miche ikishakomaa hupandikizwa shambani. Mkulima anajua kwamba mche mzuri hauokoi shamba bovu. Udongo wenye minyoo inayoshambulia mizizi utaidhoofisha miche hata kama ilitoka katika kitalu bora. Ndiyo maana mashamba hubadilishwa mazao, na ndiyo maana shamba hutazamwa kabla ya mche kung'olewa kitaluni.

Kwa hiyo mwalimu wa afya anayetaka kueleza kwa nini ufizi hutazamwa kabla ya kipandikizi anayo maelezo tayari ndani ya neno lenyewe. Ufizi na mfupa ndilo shamba.

Mfano huu una mpaka wake, na ni wajibu wa mfasiri kuuonyesha. Mche ni kitu hai: hutoa mizizi, hukua, na ukijeruhiwa kidogo hujitibu. Kipandikizi ni chuma kisicho na uhai. Jino la asili limeshikizwa katika mfupa kwa nyuzi nyingi ndogo zinazoingia katika mzizi wake, nazo, pamoja na ufizi, huwa kama boma dhidi ya vijidudu. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Kimegusana na mfupa moja kwa moja. Vijidudu vikipita ufizini huweza kushuka upesi zaidi kuliko kandoni mwa jino. Anayedhani kwamba jino la madini haliugui amekosea: madini hayaozi, lakini ufizi na mfupa unaoyazunguka huugua kama kawaida, na mfupa ukiisha kuliwa kipandikizi hulegea.

Ufizi unavyopimwa

Daktari huanza kwa kuutazama ufizi kama umevimba au kubadilika rangi. Kisha hupitisha kijiti chembamba chenye alama kati ya jino na ufizi, apime kina cha nafasi iliyopo. Kwa kawaida nafasi hiyo haizidi milimita 3. Ikizidi hapo, hasa kukiwa na damu, ni dalili kwamba ufizi umeanza kubanduka na kufanya mfuko ambamo vijidudu hukaa. Picha ya eksirei huonyesha mfupa umebaki kiasi gani.

Ugonjwa ukiwapo, hutibiwa kwanza. Ugaga huondolewa juu na chini ya ufizi, mgonjwa hufundishwa kusafisha meno yake, na baada ya majuma kadhaa hupimwa upya. Mtu aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa kandoni mwa kipandikizi, kwa kuwa vijidudu na mazoea yaliyoliondoa jino la kwanza bado vimo kinywani. Aidha, jino lililotunga usaha si lazima ling'olewe kila mara: mengine huokolewa kwa kusafisha na kuziba mfereji wa mzizi. Na jino linapong'olewa kwa ajili ya usaha, mara nyingi shimo lake huachwa miezi kadhaa ili mfupa ujae kabla ya kupandikiza. Ugonjwa wa kisukari usiodhibitiwa nao huchelewesha kupona na kuuongeza ugonjwa wa fizi.

Hapa tumbaku inarudi, safari hii si kwa mfano. Moshi wake ni miongoni mwa maadui wakubwa wa ufizi, na vipandikizi vya wavutaji hushindwa zaidi kuliko vya wasiovuta. Tena tumbaku hudanganya, maana hupunguza damu inayofika katika ufizi, hata ufizi mgonjwa wa mvutaji usitoke damu sana. Anayeambiwa "ukiona damu, njoo" hatakuja. Wafasiri wa mabango na vijitabu vya afya walizingatie hilo: kutoka damu ni dalili moja tu, wala kukosekana kwake si ushahidi wa afya.

Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na historia hiyo, yafuatayo yanapendekezwa yajadiliwe.

Kwanza, neno "ufizi" litumike kwa umoja na "fizi" kwa wingi, hasa katika vyeti na maelezo ya mgonjwa.

Pili, "ukoga" litengwe kwa utando laini unaoondoka kwa mswaki, na "ugaga" kwa ganda gumu linalohitaji mganga. Mwananchi akizijua tofauti hizo mbili ataelewa kwa nini kusugua kwa nguvu hakumwondolei kilichokwisha kuganda.

Tatu, maradhi ya ufizi yagawanywe katika ngazi mbili zinazosikika tofauti: "uvimbe wa ufizi" kwa hali ambayo haijagusa mfupa na inayoweza kupona kabisa, na "ulikaji wa ufizi na mfupa" kwa hali iliyokwisha kuharibu kinachoshikilia jino. Neno "kiseyeye" libaki na maana yake ya upungufu wa vitamini C.

Nne, "jino lililotunga usaha" lipendelewe kuliko "jino lenye maambukizo" katika mazungumzo na mgonjwa. Kitenzi "kuambukiza" humfanya msikilizaji afikiri kwamba amelipata jambo hilo kwa mtu mwingine, naye huenda akaona haya. Usaha unajulikana kwa kila mtu, na methali tuliyo nayo imekwisha kutuonya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha.

Tano, "kipandikizi cha jino" kitofautishwe na "jino bandia", kwa kuwa la pili huweza kuvuliwa usiku na kuvaliwa asubuhi, ilhali la kwanza huingia mfupani. Fomu ya kuomba ridhaa inayochanganya maneno hayo mawili inaomba ridhaa ya jambo ambalo mgonjwa hakuliona akilini mwake.

Hitimisho

Tumeona vitenzi vitatu: kung'oa, kuziba na kupandikiza. Kila kimoja ni cha zama zake, na kila kimoja kimeelekezwa kwenye jino. Kitenzi kinachoufaa ufizi si kigeni wala hakihitaji kikao cha kukibuni. Ni "kutunza", nacho chapaswa kuvitangulia vyote vitatu.

Gharama ya kupuuza utangulizi huo haiangukii kamusi. Inamwangukia mtu aliyeuza mazao ya msimu mzima, akasafiri kutoka Songea hadi mji mkubwa, akalipia jino la madini, kisha baada ya muda akaliona likilegea kwa sababu hakuna aliyemwambia, kwa maneno anayoyafahamu, kwamba shamba lilikuwa gonjwa. Afisa afya, mwalimu wa sayansi na mfasiri wa fomu za hospitali hawapimi mifuko ya ufizi wala hawashiki koleo. Hata hivyo, wao ndio watakaompa mtu huyo neno la kuulizia swali lake kabla hajapanda basi.